Waya Niliopitisha Mshazari

Sina haja ya kuzunguka. Waya ule niliupitisha mimi, kwa mikono yangu hii, mwaka ambao nyumba ya Birago ilipigwa plasta, na niliupitisha mshazari. Fundi anayejua kazi huushusha waya wima kutoka darini mpaka kwenye soketi, ili mtu yeyote akiiona soketi ajue kwamba juu yake hapo hapigi msumari. Mimi niliuvuta kutoka kona ya juu ya mlango, ukaukata ukuta wa sebule kama mtu anayekatiza uwanja wa mpira kuwahi chakula nyumbani. Nikaokoa mita nne. Siku hizo hapa mjini kwetu Effiduase sote tulifanya hivyo na tukaitana mabingwa. Plasta ikafunika, rangi ikapakwa, na siri ya mtungi aijuaye kata.

Miaka kumi na nane hakikutokea kitu. Birago aliijenga nyumba ile kwa mkate, mkate wa siagi aliouoka mwenyewe na kuuza njia panda ya kwenda Kumasi, na aliishi humo na mwanawe wa pekee, Oduro, na dada yake Dufie aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Kaka yao, Agyarko, alikaa nyumba ya tatu kutoka pale na ndiye mkubwa wa nyumba yao. Mimi na Agyarko tulisoma darasa moja na kuchapwa fimbo moja, kwa hiyo naingia kwao bila kubisha hodi.

Oduro alikuwa mwalimu wa hesabu huko Obuasi. Aliugua ini Jumapili, akafa Jumanne ya wiki iliyofuata, ana miaka thelathini na minne, hana mke wala mtoto. Siku tisa! Hospitali walituandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi, lakini karatasi haijawahi kumfariji mtu. Kwetu kijana wa umri ule akifa kwa siku tisa, watu hawaulizi amekufa kwa nini. Wanauliza amekufa kwa mkono wa nani. Na kwa kuwa sisi ukoo wetu ni wa upande wa mama, na uchawi husemwa kwamba hauvuki ukoo, macho huanza kuzungukia ndani ya nyumba ileile.

Baada ya kumzika, walileta picha yake kutoka Kumasi. Picha kubwa, pana kama meza ya kulia, Oduro amevaa vazi la kente la mahafali, fremu ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu, na nyuma yake kamba ya waya wa chuma ya kuning'inizia. Agyarko akapanda kwenye kiti akapiga msumari wa inchi nne ukutani sebuleni. Mimi nilikuwa uani na wanaume wengine. Nilisikia nyundo. Fundi wa umeme akisikia nyundo inagonga ukuta alioutia waya mwenyewe, anapaswa kusimama na kuuliza inagonga wapi. Mimi niliuliza kama kuna kinywaji kimebaki kwenye chupa.

Sasa, katika ukoo wao, mama aliyemzika mwanawe havai ndara wala kiatu mpaka siku ya arobaini. Waombolezaji wengine wote wanavaa zile ndara nyeusi za msibani, nyayo zake za mpira, nene. Mama peke yake anatembea miguu mitupu. Na Birago, kila alfajiri, alideki sakafu ya sebule, akakamua kitambaa, kisha akapangusa kioo cha picha na fremu yake.

Alfajiri ya kwanza Dufie alisikia kishindo. Alimkuta dada yake ameketi sakafuni, mgongo kwenye kochi, kitambaa kimeruka mpaka mlangoni.

"Amenisukuma," Birago alisema.

Dufie akaenda kwenye picha, ndara zake miguuni, akaigusa. Hakuna kitu. Akaitwa Agyarko, akaigusa kwa mikono miwili. Hakuna kitu. Wakamwambia Birago alale, uchovu huo. Kesho yake alfajiri ikawa vilevile, na siku ya tatu ikatokea mbele ya wanawake wanne wa kanisani waliokuja kutoa pole. Walimwona akinyoosha mkono kwa mwanawe, na walimwona anatupwa. Wao wakagusa, mmoja mmoja, ndara zao miguuni. Picha ikawatazama tu. Mmoja wao, siwezi kumtaja kwa sababu ni jirani yangu, akasema neno ambalo jioni yake lilikuwa limefika sokoni na kurudi: mtoto anamkataa mama yake, maana anajua amekufa kwa mkono wa nani.

Birago aligusa tena mara ya nne.

Mimi habari hizo nilizipata kwa kinyozi, nimefungwa shuka shingoni. Nilisema nini? Mimi, mtu ambaye nimefunga umeme nusu ya mji huu, nikaambiwa kuna mwanamke anayetupwa na fremu ya chuma akiwa miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Nilisema, "Huzuni hiyo. Mama hali, halali, ataacha kuanguka?" Kinyozi akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuninyoa. Kila nikikumbuka jibu lile natamani angenikata sikio.

Wiki ya tano Agyarko akanipigia simu.

"Boahen, uko wapi?"

"Nipo nilipo. Nani tena amekufa?"

"Chunga mdomo wako, mzee mzima. Feni ya sebuleni imekuwa na kiburi. Ikitaka inazunguka, isipotaka inalala. Na arobaini ni Jumamosi. Wazee nitawaweka wapi na joto hili?"

"Waweke chini ya mwembe wa mchungaji."

"Njoo, bwana."

Nilikwenda Jumatano asubuhi na mfuko wangu wa vifaa. Dufie alikuwa uani akichambua majani ya magimbi. Nilimsalimia, nikamuuliza dada yake yuko wapi ili nimpe pole. Akaendelea kuchambua.

"Amekwenda shambani Dwenease."

"Wiki ya arobaini ya mwanawe? Kufanya nini?"

"Kupumzika."

Nikamgeukia Agyarko, naye akawa ameona kitu cha maana sana kwenye ukucha wake. "Tumempeleka juzi, Jumatatu," alisema. "Kwa muda tu. Mpaka maneno yapoe."

"Maneno gani?"

"Boahen, usinifanye mtoto. Maneno unayajua."

Nikaingia sebuleni peke yangu. Feni ilikuwa imelala. Nikawasha swichi, ikazunguka mara tatu ikafa. Nikafungua soketi iliyo chini, pembeni ya picha, ile inayoilisha feni, nikapima: umeme unakuja, unakatika, unakuja. Kumaanisha waya umeumia mahali kati ya mlango na pale. Nikaweka kiganja ukutani nikawa naupapasa kama daktari anayetafuta jipu, nikijiuliza yule mjinga aliyefunga nyumba hii aliupitisha wapi. Ndipo nikakumbuka mjinga yule ni nani. Nikatazama kona ya juu ya mlango, nikatazama soketi, nikauchora mstari kwa macho. Mstari ukapita sawasawa nyuma ya fremu ya Oduro, penye msumari.

Nina bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye taa ndogo ndani ya mpini. Nikaisogeza nikagusisha ncha yake kwenye fremu. Taa ikawaka.

Nilikaa chini. Msumari ulikuwa umeutoboa waya wa moto, na umeme ulikuwa umepanda kwenye msumari, kutoka kwenye msumari ukaenda kwenye kamba ya chuma, kutoka kwenye kamba ukaingia kwenye fremu, na humo ulikuwa umekaa wiki tano ukimngojea mtu mmoja tu mwenye maji mkononi na asiye na kitu mguuni. Wote wengine mpira wa ndara uliwakinga. Desturi ya kumlilia mtoto ndiyo iliyompa Birago miguu mitupu, na mita zangu nne za waya zikamfanya mchawi.

Agyarko akachungulia mlangoni. "Umeona nini?"

Hapa ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Maneno yalikuwa mepesi: ndugu yangu, kosa ni langu, mrudishe dada yako leo hii. Nikamtazama, nikawaza wazee wa ukoo wamekaa mbele yangu, nikawaza nyumba nyingine thelathini nilizopitisha waya mshazari, nikawaza jina langu kwa kinyozi. Aibu ina nguvu kuliko umeme, nyinyi msidanganyike.

"Panya," nikasema.

"Panya? Ndani ya ukuta?"

"Wametafuna waya."

Agyarko akacheka, mara yake ya kwanza tangu msiba. "Panya wa nyumbani hawa hawana faida. Angekuwa wa porini tungemtia kwenye mchuzi. Rekebisha, bwana, Jumamosi inakuja."

Na mimi nikajiambia uongo mkubwa kuliko ule wa panya. Nikajiambia: nitengeneze, picha itatulia, Jumamosi watamleta Birago kwenye arobaini ya mwanawe, ataigusa mbele ya watu wote na haitamfanya kitu. Maneno yatakufa yenyewe. Hapana haja ya mtu kujua. Ilikuwa hesabu nzuri sana kichwani, na sikumwambia mtu yeyote aniangalizie kama ni sahihi.

Nikazima swichi kuu, nikapima mara mbili. Nikaiteremsha picha nikaiweka kwenye kochi. Oduro akawa ananitazama ninavyofanya kazi. Nilimfundisha kuendesha baiskeli yule kijana. Nilimgeuza akatazama upande wa pili.

Msumari ulitoka kwa shida, ubavu wake mmoja umeungua, rangi ya bluu. Nikaikata plasta kwa patasi, kipande cha upana wa sahani. Waya ulikuwa mtupu ndani ya saruji, hauna hata bomba la plastiki la kuulinda, kwa sababu bomba nalo niliona ni gharama. Ganda jeupe lilikuwa na tundu, na ndani yake waya mwekundu umekatika nusu, shaba imeyeyuka ikaganda kama chozi la mshumaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiisumbua feni. Ningeweza kuunga pale pale nikazungushia tepu, nikafukia, na ndivyo ambavyo ningefanya miaka kumi na nane nyuma. Safari hii nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikapanda darini na vumbi lake, nikashusha waya mpya wima, ndani ya bomba, mpaka kwenye soketi. Ule wa zamani nikautenga pande zote mbili, nikauacha umekufa humo ukutani. Kile kipande kilichoungua nikakikata, nikakitumbukiza pamoja na ule msumari chooni, shimoni kabisa. Nikaziba, nikasawazisha, nikapiga msumari mwingine, nikairudisha picha, nikawasha swichi kuu.

Kisha nikavua viatu. Nikalowesha mkono kwenye ndoo, nikasimama kwenye maji niliyoyamwaga mwenyewe, nikaigusa fremu. Nilijua umeme haupo humo, nilikuwa nimeshapima. Hakuna kitu. Chuma baridi tu. Nililia kidogo, niseme ukweli, kisha nikanawa uso nikatoka kudai chakula.

Jumamosi nilivaa kitambaa changu cheusi na chekundu, nikaenda mapema nikatafuta kiti kinachotazama barabara. Kila gari lililosimama nilinyanyuka. Walishuka shangazi wa Bekwai, walishuka walimu wenzake Oduro wa Obuasi, walishuka wapiga ngoma. Saa sita nikamvuta Agyarko kando.

"Birago anakuja na gari gani?"

"Haji."

"Haji vipi? Arobaini ya mwanawe!"

"Wazee wamesema akae kwanza. Boahen, niache, nina watu mia mbili na wali haujaiva."

Mchana wazee wa ukoo waliingia sebuleni kukata maneno ya ndani, na mimi nikaingia nao kwa kuwa nimezoeleka. Feni ilikuwa inazunguka vizuri, inatupepea. Dufie akasimama katikati. Alikuwa amekonda. Watu wengine baadaye walisema aliitaka nyumba. Mimi sisemi hivyo. Oduro alilelewa mgongoni mwa Dufie, Birago akiwa kwenye tanuri la mkate, na nilimwona jinsi alivyomlilia. Alivua ndara zake mbele ya wote, akazipanga pembeni. Akachovya mkono wa kulia kwenye bakuli la maji, akauonyesha unavyochuruzika, akaenda akaushika ukingo wa fremu ile na kukaa hapo, ameushika, mpaka mzee mmoja akakohoa.

"Mmeona," alisema. "Miguu mitupu, na maji. Kama yeye. Tangu atoke humu Jumatatu, mtoto ametulia. Mimi simchukii dada yangu, tulinyonya titi moja. Lakini nyinyi wenyewe mmeona." Akawageukia wazee. "Asirudi. Nawaomba asirudi."

Wazee wakatikisa vichwa. Mkuu wao akafungua mdomo kutoa neno, na neno likitoka pale mbele ya kinywaji cha tambiko halirudi tena.

Kwetu mtu hawasemeshi wazee moja kwa moja, hupitia kwa msemaji. Nilimshika msemaji bega, nikamwambia nina neno, naye akaanza kunitengenezea utangulizi wake wa salamu na sifa. Nikashindwa kungoja.

"Ni umeme!" nilipiga kelele. "Picha ilikuwa na umeme. Msumari ulitoboa waya. Birago hana kosa, kosa ni langu. Nimeutengeneza Jumatano, ndiyo maana imetulia."

Dufie akanigeukia polepole.

"Jumatano ulisema panya," alisema. "Nilikuwa uani, nilisikia. Mlicheka na kaka yangu. Leo panya amegeuka msumari?"

"Nilisema uongo."

"Basi tujuaje kama leo husemi uongo? Amekupa nini, Boahen? Amekutumia nani? Au na wewe ni wa chama chao cha wachawi?"

Kuna waliocheka, kicheko kibaya. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi siku tatu kabla. Ushahidi wangu wote ulikuwa chooni. Nikatoka nje, nikapita katikati ya wapiga ngoma, nikachukua nyundo na patasi kwenye pikipiki yangu, nikarudi ndani na kitambaa changu cha msiba nimekifunga kiunoni. Sikuomba ruhusa. Nikaanza kuvunja ukuta kutoka kona ya mlango.

"Amerukwa na akili," mtu mmoja akasema. "Mshikeni."

"Mwacheni," Agyarko akasema.

Nilivunja kwa mshazari, kutoka juu kushuka chini, vumbi likiwaangukia wazee kwenye vitambaa vyao vipya. Nilivunja mpaka waya ukaonekana wote, mweupe, umelala ndani ya ukuta kama nilivyoulaza, unakwenda moja kwa moja kwenye picha. Pale nyuma ya fremu ukakatika, penye kiraka kibichi cha saruji. Nikaiteremsha picha wakaona.

Agyarko akaja akasimama. Akaweka kidole penye kiraka. "Msumari niliupiga hapa," alisema. "Mimi mwenyewe. Nilipanda kwenye kile kiti."

"Na mimi mbona haukunishika siku ile?" Dufie akauliza, lakini sasa kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa na ndara, dada," nikamjibu. "Mpira hauupitishi umeme. Yeye peke yake hakuwa na ndara."

Dufie akatazama miguu yake. Kisha akachukua ndara zake mkononi akatoka, na hakuna aliyemzuia.

Wazee walinitoza kondoo wawili na chupa nne za kinywaji kwa kuwasemesha bila kupitia kwa msemaji na kwa kuharibu ukuta wa msiba. Nililipa nikashukuru. Wakamwambia Agyarko akamrudishe dada yake kesho yake asubuhi, nami nikasema nitakwenda naye, kwa sababu neno hilo lilikuwa langu kulisema. Jumapili tukawa tunapasha pikipiki moto, Dufie akatokea mlangoni.

"Mwambieni," akaanza. Tukamngoja. Hakumalizia. Akarudi ndani.

Dwenease ni mwendo wa saa moja, nusu yake tope. Tulimkuta Birago nyuma ya kibanda cha mkulima wao, anageuza kakao kwenye mkeka wa kuanikia. Alituona, akanawa mikono, akatutolea vigoda na maji ya kunywa. Alituuliza habari za njiani kama desturi inavyotaka, na Agyarko akamjibu mpaka mwisho, ingawa macho yalikuwa yameshamjaa.

Nikamweleza. Sikujipendelea. Nilimweleza mita nne, nilimweleza nyundo niliyoisikia na chupa niliyoiulizia, nilimweleza panya. Alisikiliza na mikono imelala mapajani.

"Kwa hiyo ulikuwa umeme," alisema nilipokwisha.

"Ulikuwa umeme, dada. Hakukukataa. Mwanao hakukukataa hata kidogo."

"Mara zote nne?"

"Zote."

Nilidhani anavuta pumzi ya kunitukana, na nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata nalitaka hilo tusi.

"Unajua nilirudi kwa nini mara ya pili?" aliuliza. "Mara ya kwanza niliogopa. Zile nyingine nilikwenda mwenyewe, Boahen. Ya nne nilivizia Dufie alale."

"Ulikwenda ukijua?"

"Oduro alitaka kuoa binti wa Ho, kabila jingine kabisa. Nikamwambia huyo hatujui hata chakula chao, asimlete kwangu. Akasema, mama, nisikilize kwanza. Nikakata simu. Akapiga, sikupokea. Jumapili ile akaugua." Alikuwa anaisugua mikono yake, taratibu. "Sasa aliponisukuma, nikasema, kumbe bado ana hasira na mimi. Nikafurahi. Mtu mwenye hasira yupo. Hasira hupoa. Alipokuwa mdogo alikuwa akinuna siku mbili, ya tatu anakuja mwenyewe jikoni anaomba mkate. Nilipoletwa huku sikukataa. Nilisema nikikaa mbali kidogo atapoa haraka."

Agyarko alikuwa ameinama, kichwa kati ya magoti.

"Na umeshautengeneza," Birago akaniambia.

"Nimeshautengeneza."

"Nikiigusa sasa hakuna kitu."

"Hakuna kitu, dada."

Akaitazama kakao yake. Niliona jambo hilo likimwingia, pole pole, na sikuwa na la kufanya kulizuia.

"Basi amekufa," alisema.

Agyarko akainuka amshike, lakini alikuwa ameshaanguka juu ya mkeka, katikati ya kakao, akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mkulima na mkewe walitoka mbio. Siku ya mazishi watu walimsema kwamba hakutoa chozi. Siku ile alilia mpaka jua likaelekea kuzama, anamwita kwa majina yake yote, na mimi nimesimama pale kwa sababu ndimi niliyempelekea habari ya msiba.